Mtaa wa Uduvi

Merle Ostrander aliendesha maisha yake kwa maneno mawili tu: "si kubwa".

Kampuni ikitaka kujenga mtaa mpya pembeni mwa mji wetu wa Tarlow, Merle aliitwa. Alifika na pikapu yake nyeupe, akavaa fulana ya rangi ya chungwa na buti ndefu, akazunguka shamba hilo huku na huku. Kisha alirudi ofisini akaandika tathmini ya athari kwa mazingira, kitabu kinene kuliko Biblia. Humo kila jambo lilipewa sura yake: vumbi, kelele, magari, bundi, mifupa ya wenyeji wa kale, maji ya mvua. Na kila sura ilifungwa kwa hukumu. Athari ya vumbi si kubwa. Athari kwa bundi si kubwa, mradi bundi wahamishwe. Nimeishi katika bonde hili la California tangu nikiwa binti wa chuo, nimeona mashamba ya mlozi na malisho ya ng'ombe yakigeuka mapaa mekundu hadi upeo wa macho, na sijawahi kusikia athari hata moja iliyopata bahati ya kuwa kubwa.

Wala si kwamba Merle hakujua. Babu yake alitoka Oklahoma miaka ile ukame na vumbi vilipoua mashamba, akachuma pamba kwa watu ili mjukuu asome, na mjukuu akasoma. Alisomea viumbe. Kwa majira mawili ya baridi alilala kifudifudi kwenye matope akichungulia vidimbwi. Ardhi yetu ina tabaka gumu chini ya udongo, kama sakafu ya saruji, na maji ya mvua hayapenyi. Januari hutuama kwenye mabonde madogo malishoni, maji yasiyofika goti, na kutoka kwenye vumbi lililokauka mwaka mzima huanguliwa uduvi wadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, weupe, wanaoogelea chali. Majira ya machipuko yakija maji hupungua, na kila yanapoondoka huacha pete ya maua: njano, kisha nyeupe, kisha samawati. Kufikia Juni hakuna kitu. Ni ardhi iliyopasuka na mibaruti. Mgeni akipita atadhani ni mahali pa kutupia matairi.

Merle aliandika tasnifu yake juu ya uduvi hao. Kisha akapata kazi, akaoa, akanunua mashua ambayo haikuwahi kulowa, akaachwa, akanunua luninga kubwa zaidi. Watu hupenda kusema mtu kama huyo ameuza roho yake. Hata hilo Merle hakulifanya. Hakuna aliyekuja kuulizia bei.

Malisho ya Toste yalikuwa ya mwisho upande wetu wa mji kubaki na vidimbwi. Akina Toste walitoka visiwa vya Wareno wakiwa na ng'ombe na sanamu yao ya Bikira Maria, ndugu wawili. Manuel alipofariki, ndugu yake aliuza malisho kwa kampuni ya ujenzi ya Brent Vukasin na kuhamia pwani. Mjane wa Manuel, Bi Idalina, alibaki na nyumba, banda la kukamulia lisilokuwa na ng'ombe tena, na uwanja wenye mti wa ndimu.

Nyumba iko chini na malisho yako juu, ingawa kwa macho ya mgeni kote ni tambarare. Bi Idalina alijua tofauti hiyo kwa miguu yake. Zamani shemeji yake alisawazisha kona moja ya malisho apande majani ya ng'ombe, na majira hayo ya baridi maji yalikuja hadi jikoni. Wakaichimbua kona ile upya, maji yakarudi kwao. Ndiyo maana aliposikia kwamba malisho yote yatasawazishwa, hakuwaza habari za ndege wala maua. Aliwaza nyumba aliyoijenga Manuel. Binti yake aliyeko mji wa Fresno alikuwa akimsihi ahamie kwake. Jibu lilikuwa moja: "Nitatoka hapa nimebebwa."

Merle alikwenda kukagua malisho mwezi wa Agosti. Joto lilikuwa la kukaangia yai. Bi Idalina akamwona kutoka dirishani, akachukua kipande cha mkate mtamu wa Kireno, akaenda hadi kwenye uzio.

"Wewe ndiye mtu wa wadudu?"

"Wa viumbe, mama. Mimi ni mwanabiolojia."

"Haya, mwanabiolojia. Kula. Unatafuta nini kwenye vumbi?"

"Pamoja na mengine, maji yaliyotuama."

"Agosti?"

"Ratiba sipangi mimi, mama."

"Basi rudi Desemba uje kutafuta jua."

Merle alicheka, makombo yakimwanguka kifuani. Alikuwa mtu mwepesi wa kucheka, na hilo lilimfanya apendwe na kila aliyemkodi.

"Mama Toste, mimi naandika nilichokiona."

"Na ulichokijua je?"

"Ripoti haina sura ya hiyo."

"Nikuambie basi mimi. Mkifukia haya mabonde, maji yanakuja jikoni kwangu. Andika hivyo. Andika Idalina kasema."

"Nitaliangalia, mama."

Akaliangalia. Ripoti ilipotoka ilisema kwamba wakati wa ukaguzi hayakuonekana maji yoyote yaliyotuama. Ni sentensi ya kweli, na ukweli wake ndio unaonichefua. Juu ya maji ya mvua iliandikwa kwamba mitaro mipya itayapokea na athari kwa majirani si kubwa.

Hapo mambo yangeishia, kama yalivyoishia kwingine, lakini kulikuwa na suala la majina.

Sijui kwingine wanafanyaje. Kwetu, mtu akifyeka mialoni hujenga nyumba na kuuita mtaa Mwaloni. Akikausha kijito, ataweka kibao cha Kijito. Hakuna anayeona aibu. Ni kama kumla kuku kisha kumpa mtoto jina lake. Tatizo la Vukasin lilikuwa kwamba zimamoto wa wilaya hawakubali jina la mtaa lirudiwe, wasije wakapeleka gari la wagonjwa kusikohusika. Akampigia Merle.

"Merle, kaka yangu, nitoe aibu. Zimamoto wamenirudishia majina yote."

"Yote?"

"Mwaloni upo. Mwaloni Mzee upo. Mwaloni Mwekundu upo, na pale hapajawahi kuota mwaloni tangu Nuhu. Bata Maji, Kulungu, Kijito cha Kulungu, yote yana wenyewe. Nipe majina ya huko kwenu porini. Mimea mimea, vitu vya asili. Kitu ambacho mwingine hana."

Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemwuliza Merle anachokijua. Walimwuliza kimeandikwa nini, na lini kitakuwa tayari. Sauti yake ikabadilika.

"Kuna ua linaitwa povu la mbugani," alisema. "Jeupe. Likichanua ni kama mtu amemwaga sabuni."

"Povu la Mbugani. Tamu hiyo! Endelea."

"Pete ya Dhahabu. Kengele ya Samawati. Chura Mchimbaji."

"Chura? Watu wanataka kununua nyumba, Merle, si kuota chunjua kwa kushika vyura."

"Basi Mchimbaji peke yake."

"Hiyo sawa, ya kiume."

"Na uduvi," alisema Merle. Kisha akasema tena, taratibu: "Mtaa wa Uduvi."

"Uduvi ndiyo nini?"

"Mdudu mdogo wa majini. Anaogelea chali."

"Wa majini! Kaka, watu wanapenda chochote cha majini. Hiyo naiweka mtaa mkuu."

Zimamoto wakayapitisha yote. Wilaya nzima hakuna aliyewahi kuyafikiria. Nasikia jioni ile Merle aliwanunulia bia watu wa baa asiowajua. Sidhani alimchimbia Vukasin shimo. Ujasiri huo hakuwa nao. Kichwani mwake ripoti ilikuwa ripoti na kibao kilikuwa kibao, na hakuona kwa nini vikutane.

Vikakutana kwenye tangazo. Vukasin alisimamisha bango barabarani lenye ramani ya mtaa mzima, mitaa ikizungukana kama utumbo, kila mmoja na jina lake kwa herufi za kijani.

Ng'ambo ya barabara kuna mtaa uitwao Vilele vya Mlozi, uliojengwa zamani juu ya vidimbwi vingine, kwa ripoti ya Merle huyo huyo. Anaishi huko Sherri Prather, kiongozi wa chama cha wenye nyumba, mama anayepima kwa futi urefu wa majani ya jirani. Sherri hakuwahi kuyatazama malisho ya Toste mpaka alipoambiwa kwamba nyumba zitasimama kati ya kibaraza chake na machweo. Tangu hapo akawa mpenzi wa mazingira. Wote wa Vilele vya Mlozi wakawa wapenzi wa mazingira, ghafla, kama watu waliokula chakula kimoja kibovu.

Tume ya mipango ilipokaa kusikiliza wananchi, walijaza ukumbi wakiwa na fulana za kijani. Bi Idalina alikuja na sweta yake ya kanisani. Alipopewa nafasi alisimama mbele ya kipaza sauti bila kukigusa.

"Mimi sina mengi. Maji ya malisho wakiyafukuza yatakuja kwangu. Nina miaka sabini na nne. Sitaki kuhama."

Mwenyekiti akamgeukia Merle. Merle akafungua kitabu, ingawa hakuhitaji.

"Mheshimiwa mwenyekiti, jambo hilo tumelichambua. Athari si kubwa."

"Si kubwa kwako," alisema Bi Idalina. "Wewe unalala ghorofani."

Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, na muda wa mama ukaisha. Akarudi kiti chake. Kisha akasimama Sherri Prather na ramani ya bango aliyoipiga picha na kuikuza.

"Nina swali dogo kwa Bwana Ostrander. Mtaa wa Uduvi. Huyu uduvi anaishi wapi?"

Merle akakohoa. "Ndani ya maji."

"Maji gani?"

"Vidimbwi vya mvua."

"Hapa ukurasa wa mia tatu na kitu umeandika hakuna vidimbwi."

"Niliandika havikuonekana."

"Ah. Kwa hiyo mitaa imepewa majina ya vitu visivyoonekana. Povu la Mbugani nalo linaota wapi?"

"Pembeni mwa... vidimbwi."

"Mchimbaji je? Anachimba wapi?"

"Chini ya vidimbwi," alisema Merle, na masikio yake yakawa mekundu.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Katikati ya kelele Vukasin alimwinamia Merle, na waliokaa safu ya pili walisikia.

"Uliniambia ni mdudu!"

"Ni mdudu."

"Hukuniambia ana wanasheria!"

Kwa kuwa uduvi hao wanalindwa na sheria, tume ikaamuru ukaguzi urudiwe wakati wa mvua. Watu wa Vilele vya Mlozi walitoka wakipiga vifijo. Wiki ile walichapisha fulana nyingine zenye picha ya uduvi, ila mchoraji hakuwahi kumwona, akamchora na makucha makubwa kama kamba wa hotelini. Jumamosi walisherehekea ushindi huo uwanjani kwa Sherri, kwa kamba wa kuchoma na limao. Hakuna aliyeona kichekesho. Bi Idalina alialikwa, akaenda na mkate wake, akakaa pembeni na sahani. Alikuwa na furaha. Aliamini kwamba wale watu walikuwa upande wake.

Januari mvua ilinyesha vizuri. Merle akaenda malishoni na kikombe cheupe na wavu mdogo wa mkono, akalala kifudifudi kama ujanani, tumbo likiwa kubwa zaidi. Waliopita barabarani walimwona amelala hapo, mabega yakitetemeka. Wengine walisema alikuwa akilia. Yawezekana. Alikuwa akilipwa kwa saa.

Akaandika kwamba athari ni kubwa. Mara yake ya kwanza. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, kwa sababu sheria haiishii hapo. Athari ikiwa kubwa, inanunuliwa. Katika wilaya nyingine, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, kuna shamba lenye vidimbwi vilivyozungushiwa uzio, na mwenye shamba anauza hisa. Ukifukia kidimbwi hapa unalipia kidimbwi kule, ambacho tayari kilikuwepo na hakikuwa kinakwenda popote. Baada ya kulipia, Merle aliandika, athari si kubwa. Sherri Prather na wenzake waliahidiwa ukanda wa miti na nyumba za ghorofa moja upande wao, machweo yakabaki salama, na uduvi akasahauliwa kabla fulana hazijapauka.

Bi Idalina alikwenda ofisi ya wilaya. "Na maji yangu?" aliuliza. Kijana wa dirishani alimweleza kwa adabu kwamba sura ya maji ya mvua haikupingwa na mtu, na muda wa kuipinga umepita.

"Niliipinga mimi."

"Kwa maandishi, bibi?"

Matingatinga yalikuja machipuko, maua yakiwa bado yamechanua. Yalipasua lile tabaka gumu, yakasawazisha kila bonde, yakashindilia. Nyumba ziliota. Vibao vikasimikwa, na juu ya kile cha Mtaa wa Uduvi kuna picha ya kamba mwenye makucha. Majira ya baridi ya pili yalikuwa ya mvua nyingi. Mitaro ilipokea maji kama ilivyoahidiwa, ikayapeleka kwa kasi hadi mwisho wa mtaa, na mwisho wa mtaa ni uzio wa Toste. Maji yalizunguka mti wa ndimu, yakaingia bandani, yakapanda ngazi za jikoni moja baada ya nyingine, yakaingia. Bi Idalina alitoa pampu ya zamani ya banda la kukamulia, akaitia dizeli, na tangu siku hiyo kila mvua ikinyesha tunaisikia ikikohoa.

Februari Vukasin alipeleka ofa ya kununua kiwanja chake ili apanue mtaa. Bi Idalina alikataa kwa Kireno. Vukasin hakukata tamaa. Alianzisha tathmini kabla ya kuuziwa, na aliyetumwa kukagua kutoka nje ya uzio alikuwa Merle. Nilikuwa nimempelekea Bi Idalina supu siku hiyo, na pampu ilikuwa imezimwa ili ipoe. Merle akapiga hodi kwa upole.

"Safari hii nimekuja wakati wake, Mama Toste."

"Karibu uone. Ingia na buti."

Akaingia uwanjani, maji yakimfika chini ya goti. Alitazama ukuta wa nyumba, alama za matope, ndimu zilizoanguka zikielea.

"Unaandika nini leo?" aliuliza Bi Idalina akiwa mlangoni.

"Hali iliyopo. Kabla ya ujenzi lazima tueleze hali ya ardhi ilivyo."

"Ilivyo vipi?"

"Kwamba... hapa panafurika kila mara."

"Panafurika kwa sababu yenu."

"Hilo ni la mradi uliopita, mama. Ule umefungwa. Mradi mpya unaanzia hapa ulipo."

Merle alikuwa ameinama. Alitoa kikombe chake cheupe, akachota, akakisogeza kwenye mwanga. Sura yake ikafunguka kama ya mtoto.

"Mama wee! Wapo! Tazama, wapo!" Mayai yalikuwa yameteremka na udongo wa matingatinga, yakaanguliwa chini ya ndimu. Alituchekea, alinionyesha mimi, alimwonyesha yeye: nyuzi nyeupe zinazopiga makasia chali. Nakiri walipendeza. Kisha akakumbuka kazi yake. Akasimama wima.

"Mama Toste, ile pampu usiiwashe tena."

"Nini?"

"Hawa wanalindwa. Hapa sasa ni makazi yao. Kuyatoa maji bila kibali ni kosa."

"Wao wana kibali cha kukaa kwangu?"

"Sheria haiko hivyo."

"Kule juu walikuwa kwao, ukawauza. Huku hawajaalikwa, unawatetea."

"Kule tulilipia, mama. Kuna shamba maalumu..."

"Basi na mimi nilipie! Niambie shamba gani wanafuga akina Idalina wa akiba, ninunue mmoja, nimweke huko mkavu, mimi nibaki nizame kihalali." Akavua viatu. "Mwanangu, ondoka miguuni pangu."

Alishuka ngazi kwa soksi, maji yakamfika karibu na magoti, akaishika kamba ya pampu akavuta. Ilikohoa. Akavuta tena. Ikashika.

"Subiri!" alipaza sauti Merle. "Subiri basi niwatoe, dakika tu!"

Bi Idalina alinyoosha kidole kwenye ndoo ya kukamulia iliyoning'inia bandani. Merle akaikimbilia, akajikwaa, akaanza kuchota kwa kikombe, haraka haraka, akimwaga ndooni, huku bomba likinywa kutoka upande mwingine na ngazi ya kwanza ya jikoni ikitokeza. Mimi na Bi Idalina tulisimama kibarazani tukimtazama. Sikumwonea huruma, ingawa nilijaribu.

Ndoo ilipojaa aliinyanyua kwa mikono miwili, akapanda hadi kwenye uzio. Akasimama pale. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akitafuta kati ya mapaa mahali pa kuwamwaga.